Fikasi ya Langoni

Mdudu aliyeingia kwenye mti wa mume wangu sikumchukia. Chuki humpa adui cheo. Nilimdharau, na mpaka leo namdharau.

Mimi nilizaliwa Chebunyo, kwenye ng'ombe na mahindi na jua, na wadudu ninawajua. Kupe hukaa sikioni mwa ng'ombe hadharani, amevimba, anasubiri umng'oe. Siafu wakiingia nyumbani huingia kwa mstari, nawe unatoka na watoto na kuku, na wakiondoka wanakuachia nyumba isiyo na hata mende mmoja. Mchwa atakula nguzo mpaka paa likuangukie, lakini huacha udongo ukutani ili ujue alipopita. Hawa wote niliwapiga vita na nikawaheshimu.

Huyu wa fikasi, ule mti wa mume wangu, ni mweusi, mwembamba kama kipande cha uzi kilichokatwa kwa meno. Jani lililokomaa halitaki. Anatafuta lile changa, laini, ambalo limefunguka juzi tu, analinyonya mpaka linajikunja lenyewe katikati kama chapati na kufumba. Humo ndani anataga mayai. Jani linakakamaa, linapata madoa ya rangi ya damu iliyokauka, na ukoo mzima unaishi mle bila kulowa mvua wala kuonja jua. Ukilifungua, wanakimbia huku wameinua makalio. Hata kukimbia kwa adabu hawajui. Na mti wenyewe hawauui. Wanauaibisha tu, tawi baada ya tawi, mpaka mwenye mti aone haya kuwa nao langoni.

Mti wenyewe ulifika kwetu ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Mume wangu aliendesha lori la kubeba majani ya chai, kutoka vituo vya wakulima huku Konoin hadi kiwandani Mogogosiek, na siku moja aliporudi kutoka kutengeneza lori Kericho mjini alishuka na mche ambao ulikuwa na majani machache yenye kung'aa kama yamepakwa mafuta. Mama yake, ambaye wakati huo alikuwa bado hai na bado msimamizi wa boma lote, aliuzunguka.

"Inazaa matunda?"

"Hapana, mama."

"Ng'ombe wanakula?"

"Hapana."

"Sasa inatoa nini?"

"Kivuli."

"Kivuli cha nani? Langoni hakuna mtu anakaa."

"Cha yule atakayefika akiwa amechoka," mume wangu akasema, akachimba shimo.

Mtu asiyejua nchi ya chai anaweza kudhani hilo lilikuwa jambo dogo. Huku kwetu mti huulizwa maswali kama kibarua. Mkaratusi unaheshimiwa kwa sababu unaingia kwenye boila la kiwanda. Mgrevilea unaheshimiwa kwa mbao. Mti ambao hauwezi kuchomwa, kupasuliwa wala kuliwa na ng'ombe, watu huutazama jinsi wanavyomtazama mwanamume mzima anayelala mchana. Mama mkwe aliunyamazia tu siku alipovunja jani lake na kuona maziwa meupe yakitoka. "Kumbe ni ndugu ya simotwet," alisema. Simotwet ni mkuyu wetu wa zamani, ambao wazee hawakuukata ovyo, na tangu siku hiyo aliacha kuuliza fikasi inatoa nini, ingawa hakuwahi kuusifu.

Mume wangu aliukata kwa makasi kila Jumapili tukitoka kanisani, akiwa bado na shati jeupe, mpaka ukawa na kichwa cha mviringo kama mwavuli uliofunguliwa. Watu wa pikipiki walianza kuelekezana kwa mti huo. Shuka kwenye fikasi. Nenda mpaka kwa fikasi, halafu uulize. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani mti huo ndio uliokuwa msemo wake mrefu kuliko yote.

Kifo chake sitakieleza. Aliugua, akapata nafuu, tukafurahi kama wajinga, akaugua tena, akafa. Ilikuwa miezi ya baridi. Siku ya mazishi mvua ya alasiri haikungoja alasiri, na jeneza likawekwa chini ya fikasi kwa sababu hema lilikuwa linavuja upande wa wafiwa. Pale chini palikuwa pakavu. Nilisimama nikiwaza kwamba hatimaye mtu amefika langoni akiwa amechoka. Tulimzika hatua chache kutoka kwenye mti, upande wa mteremko, kabla ya mstari wa kwanza wa chai.

Baada ya hapo walikuja wafariji. Ninajua wengi walikuja kwa moyo mwema, na wale waliokuja na kuni na maziwa na wakakaa kimya nawakumbuka wote. Lakini wapo wengine. Mmoja aliniambia nisilie sana nisije nikapata presha, halafu akaomba chai nyingine. Mwingine alikaa kitini akiangalia mapazia yangu kama anayetaka kuyanunua. Walikaa wiki nzima, walikunja nyumba yangu kama jani wakajifungia ndani, na mimi ndiye niliyekuwa natafuta mahali pa kupumulia.

Msimamizi wao alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Shemeji ni mjumbe wa kamati ya kituo chetu cha chai, na ni mtu ambaye ukimsalimu unapewa hotuba. Wakati wa ugonjwa wa kaka yake alikuwa akisimama mlangoni mwa chumba, anazungumza juu ya mbolea, anaondoka. Hakuwahi kukaa kwenye kile kiti kando ya kitanda. Nilikiona kikiwa kitupu, na nililiweka hilo moyoni.

Yeye ndiye aliyemwona mdudu kwanza. Walikuwa wamekuja, yeye na majirani wawili, kupanga ibada ya kumbukumbu na kuweka msalaba wa saruji, na alipokuwa anapima kwa macho mahali pa kuweka viti alinyoosha mkono juu.

"Shemeji, hii mti imeshikwa na nini?"

Niliangalia. Kusema kweli nilikuwa sijauangalia mti tangu mazishi. Majani yote ya juu, yale mapya, yalikuwa yamekunjwa.

"Sijui," nikasema.

Alifungua jani moja, na wale weusi wakatawanyika kidoleni mwake.

"Ei. Wamejaa kama watu kwa matanga."

Jirani mmoja, mwanamke mnene anayependa kucheka, alicheka, kisha akakumbuka alikokuwa na akageuza kicheko kuwa kikohozi. Sikumlaumu. Lilikuwa neno zuri.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema ni jicho baya la watu wa barabarani. Mmoja alisema maji ya tumbaku. Kijana wa duka la dawa za mifugo kule Boito alisema hao wanaitwa thripsi, kwamba hawakuwa wa kwetu, waliingia nchini na miche ya mapambo, na akaniuzia chupa yenye harufu ya kukata pua. Nilinyunyiza mti wote asubuhi isiyo na upepo. Dawa iliteleza juu ya majani yaliyokunjwa kama mvua juu ya mabati, na nilipofungua jani jioni, waliokuwa ndani walikuwa wakavu, wazima, wameinua makalio. Nilikuwa nimegonga paa la watu waliokwisha kulala.

Ndipo shemeji akatoa uamuzi. Nataka kueleza vizuri uamuzi huo ulitoka wapi, kwa maana mtu wa Chebunyo asingeufikiria.

Watu wa chai wanaamini kisu. Chai ikizeeka, inakatwa. Ikirefuka mpaka mchumaji hafiki, inakatwa. Ikiugua, ikidumaa, ikikasirika, inakatwa chini mpaka unaona shamba lote limekuwa vijiti, na mgeni anaweza kulia akidhani moto umepita. Baada ya muda inachipua upya, laini, nzuri kuliko mwanzo. Nimeishi nao miaka mingi na nimeona jambo hilo likitokea, nami nakubali kwamba kwa chai ni kweli. Na kuna sheria nyingine inayofuata kisu: matawi yaliyokatwa hayaondolewi. Yanalazwa pale pale chini ya mche, yanaoza, yanakuwa mbolea. Mama mkwe aliwahi kumfukuza mwanamke aliyekuja kuokota matawi ya chai yetu awashie moto. "Majani yarudi kwa mama yao," alisema, kama mtu anayesoma Maandiko.

Basi walikuja Jumamosi na msumeno wa injini, na visu vya kupogolea chai, na ufito wa kusawazishia. Mimi nilishika kamba ili matawi yasianguke kaburini. Walikata kile kichwa cha mviringo, wakashuka, wakashuka, mpaka fikasi ya mume wangu ikabaki kimo cha kiuno changu, bapa juu. Shemeji aliweka ufito juu yake na kuinama kuangalia kama pamelala sawa. Kisha wakaanza kuyalaza matawi chini kwa utaratibu, majani yote yaliyokunjwa yakiwa bado mle.

"Na wadudu?" nikauliza. "Si wamo ndani ya haya majani mnayalaza hapa?"

"Shemeji, wewe ni wa Chebunyo," akasema. "Mambo ya ng'ombe tutakuuliza wewe. Hii ni kazi ya watu wa chai. Jani likioza, mdudu anaoza na yeye."

"Na akihama kabla ya kuoza?"

"Ahamie wapi? Juu hakuna jani hata moja."

Walicheka. Nikainua macho. Juu kweli hakukuwa na jani.

Kabla ya kuondoka kila mmoja alichukua tawi. Fikasi ukichomeka tawi lake ardhini na mvua iko, linashika. Wakasema ni kumbukumbu ya marehemu. Yule jirani wa kucheka alichukua mawili, mzee wa kanisa akachukua la kuweka mbele ya kanisa, na shemeji akachagua mawili manene kuliko yote, akayabeba begani. Kwamba mume wangu alikuwa amewasihi hao hao wachukue miche ya mti huo kwa miaka, wakakataa kwa kuwa hauzai chochote, hakuna aliyelitaja. Kitu kikitolewa bure kwenye matanga, huku kwetu, kinapata thamani.

Walipoondoka nilikwenda mlangoni mwa jikoni kumwaga maji. Kisiki kilikuwa kinatoa maziwa pande zote. Na nyuma yake niliona kaburi. Miezi yote hiyo mti ulikuwa umelificha, nami sikujua kwamba umelificha. Nilidhani ni mimi ninayejikaza nisitazame. Hapo ndipo nilipolia, na hakuwepo mtu wa kunieleza habari za presha.

Mvua ziliendelea. Fikasi ikachipua kama shemeji alivyoahidi, machipukizi mengi kuliko nilivyowahi kuona, majani membamba ya kijani kibichi karibu na manjano, laini kama sikio la ndama. Kwa siku chache nilikuwa tayari kumwomba shemeji msamaha. Kisha yakaanza kujikunja. Hakuna lililosazwa. Waliokuwa wamelala chini katika matawi, kwenye kitanda tulichowatandikia sisi wenyewe, walipanda juu na kukuta mti mzima umegeuka kuwa chakula wanachokipenda, kwa mara moja, kwa urefu wa kuruka mara moja. Mdudu mvivu namna ile asingeweza kujipangia karamu hiyo. Alihitaji watu wa chai.

Shemeji alipoona hakusema tulikosea. Alisema mdudu ni mkali.

Kisha woga ukaingia. Kituoni kuna mtu alisema mdudu huyo ataruka aingie kwenye chai, majani yajikunje, na karani ayakatae mizani ikiwa mbele yake. Chai yetu ya kwanza iko hatua chache tu kutoka kwenye ule mti. Shemeji alikuja na sauti ya kamati.

"Hii mti inatoka, shemeji. Mpaka mizizi. Nakupea mpaka mwisho wa mwezi. Ikiwa bado inajikunja, nakuja na msumeno. Siwezi kuacha boma yote iumie kwa sababu ya maua."

"Haina maua."

"Kwa sababu ya mapambo, basi. Hata yeye angekubali."

"Yeye amekuambia lini? Alipokuwa anaongea hukukaa."

Alinitazama, akavaa kofia yake, akaenda. Nilijua nimempiga mahali panapouma. Sikujuta.

Asubuhi iliyofuata nilianza kuchuma chai kutoka ule mstari ulio karibu na mti, ili nione kwa macho yangu. Nilipita mche kwa mche. Hakuna jani la chai lililokunjwa, hata kwenye ile michai ambayo matawi ya fikasi yaliigusa kabla ya kukatwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Siwezi kuapa kwamba mdudu huyu hawezi kula chai. Naweza kusema tu kwamba nilimtafuta kwenye chai na sikumwona, na nimeendelea kumtafuta kila raundi ya kuchuma.

Nikiwa narudi, kikapu mgongoni kimejaa, nilipita langoni na mkono wangu ukaenda wenyewe. Ukachuma lile jani lililokunjwa. Ukachuma lingine. Mkono wa mchumaji chai una ujinga wake. Ukiona kitu laini kwenye kimo cha kiuno, unachuma. Nilisimama pale nikiyaangalia yale majani kiganjani. Huyu hataki ila jani changa, nikawaza. Mimi nimekuwa nikiondoa majani machanga kwenye miche tangu niolewe. Kazi yetu ni moja, mimi na yeye, na mimi huamka mapema.

Nilimwaga chai pembeni kwenye gunia, nikarudi na kikapu kitupu. Nilichuma kila kilichokunjwa, na vilivyoanza kukunjika, na baadhi ya vizuri ambavyo vingekunjika kesho. Nilivishindilia kwenye mfuko wa mbolea, nikaufunga mdomo kwa kamba, nikautupa juu ya paa la zizi uungue na jua. Kisha nikafanya dhambi kubwa ya nchi hii. Nilivuta kwa reki yale matawi yote yaliyolala chini ya mti, nikayachoma.

Moshi wake ulimleta jirani wa kucheka mbio.

"Mama, unachoma mbolea? Umechanganyikiwa na msiba?"

"Nachoma wageni."

"Mama mkwe wako angefufuka."

"Akifufuka aje ashike reki."

Alicheka mpaka akashika uzio. Alipomaliza aliniambia kwa sauti ya chini kwamba matawi yake mawili yameshika, na kwamba yote yamejikunja, na je, achome?

"Chuma kwanza," nikamwambia.

Tangu hapo niliuchuma mti ule kama ninavyochuma chai, kwa raundi. Watu wa barabarani walipata la kusema. "Mama, hiyo ni chai ya aina gani?" "Ya wasio na kazi, kama wewe. Ikikauka nitakuonjesha." Sikuwa najibu kwa ubaya. Kulikuwa na siku hayo ndiyo maneno pekee niliyotamka mpaka jioni. Mara nyingine nilichuma nikiwa nazungumza moyoni na aliyelala pale chini, mambo ya kawaida, kwamba mtamba umeshika mimba, kwamba bati la jikoni linavuja tena. Mara nyingine nilimtukana mdudu. Nilifungua jani, nikamwangalia akikimbia na makalio yake juu, nikamwambia wewe hata ujasiri wa kuua huna.

Wiki moja nikaona jani bapa. Moja, upande wa juu, limekomaa, limenyooka, linang'aa kama lile la kwenye kopo. Kisha mengine. Si mengi. Yaliyokunjwa yaliendelea kuja, na sitadanganya kwamba niliwamaliza.

Mwisho wa mwezi shemeji alikuja. Alikuja kwa pikipiki, amepakata msumeno wake kama mtoto mgonjwa. Nilikuwa penye mti, kikapu mgongoni. Alishuka, akamlipa mwenye pikipiki, akatazama kikapu changu.

"Shemeji. Hiyo utauza kituo gani?"

"Chenu. Nasikia kamati hamjui kukagua."

Alitaka kucheka, akajizuia. Aliweka msumeno chini, akazunguka mti mzima, akafungua majani.

"Mwezi umeisha," akasema.

"Najua."

"Na bado inajikunja."

"Kidogo."

"Ugonjwa kidogo ni ugonjwa, shemeji. Tulikubaliana."

"Ulikubaliana peke yako. Lakini sawa. Mti wenye ugonjwa unatoka mpaka mizizi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi anza na zako."

Zile fikasi mbili alizopanda kwenye lango lake nilikuwa nimeziona nikienda kanisani. Zilikuwa zimeshika vizuri na kuchipua mpaka chini, na hakukuwa na jani moja lililonyooka. Zilikuwa mbaya kuliko yangu. Nilikuwa nimelihifadhi jambo hilo kwa wiki mbili kama mtu anayehifadhi jiwe mfukoni, nikifurahia uzito wake.

Shemeji alitazama msumeno, akatazama barabara.

"Zile haziguswi," akasema mwishowe.

"Kwa nini? Si mapambo?"

"Zile ni zake."

"Za nani?"

"Wewe unajua za nani." Alikuwa anaongea na kisiki, si na mimi. "Nimezizungushia miiba mbuzi wasile. Nazimwagia maji jioni. Hata mvua ikiwa imenyesha namwaga. Mama watoto anasema nimeharibika kichwa."

Nilishusha kikapu. Mtu huyu nilikuwa nimemdharau kwa muda mrefu, na kwa sababu nzuri, na sababu hizo zote zilikuwa bado zipo. Kile kiti kilikaa kitupu. Mti huu aliukata yeye. Lakini hotuba hakuwa nayo siku hiyo, na bila hotuba uso wake ulikuwa na kitu cha kaka yake, hapa kwenye taya, ambacho sikuwahi kukiona kwa sababu mdomo haukuwahi kutulia.

"Ulikuwa unaogopa kukaa," nikasema.

"Nilikuwa naona nikikaa, ndio atakufa."

Sikumwambia kwamba huo ni upuuzi. Ulikuwa upuuzi, lakini sikumwambia.

"Sogeza hicho kitu chako hapo kwenye ukuta," nikasema. "Uje ushike upande ule."

"Nishike nini?"

"Chuma."

Shemeji ni mjumbe wa kituo cha chai, na amekagua magunia ya watu maisha yake yote, lakini vibarua ndio huchuma chai yake. Alishika tawi kama anayekamua fahali. Alirarua jani pamoja na kijiti chake, akachukua majani mazima, akaacha yaliyokunjwa.

"Hapana. Hilo ni zima, liache."

"Nitajuaje?"

"Lililokunjwa lina watu ndani."

Alifanya pole pole. Nilimwona akifungua moja, akiangalia, akilifunga tena kwa kidole gumba kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Baadaye nikagundua anayatia kwenye mfuko wa koti lake.

"Unayapeleka wapi hayo? Ukifika nyumbani yatakuwa yametembelea miti yako."

Aliyatoa yote haraka, akipiga koti kwa kiganja, na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu tangu mazishi. Nilimpa mfuko wa mbolea mtupu na kamba ya kuufunga. Nikamwambia zake achume zote siku hiyo hiyo, na ya mbele ya kanisa amwambie mzee wa kanisa, na matawi atakayokata asiyalaze chini.

"Yachomwe?" akauliza.

"Yachomwe."

Aliondoka kwa miguu, mfuko begani. Msumeno aliusahau ukutani, au aliuacha. Alikuja kuuchukua siku nyingine na hakuutaja mti.

Mti bado ni bapa, kimo cha kiuno, na kaburi bado linaonekana kutoka jikoni. Nimeuachia tawi moja la katikati liende juu. Hilo nitalichuma nikiwa nimesimama chini mpaka lizidi urefu wangu, halafu nitaletewa ngazi, na shemeji ameshasema atakuja kuishika, pamoja na maelezo marefu juu ya namna ngazi inavyopaswa kushikwa. Mdudu yupo. Jana nilifungua jani nikamkuta, na akakimbia vile vile. Kesho ni raundi. Nitaanza na upande wa kaburi, kabla umande haujakauka, halafu niende kwenye chai.